Pini ya Ushungi

Mwaka wa kwanza wa ubobezi sikugusa mtu.
Niligusa mdoli wa plastiki, kifua wazi, hana jina,
nasi tukampa: Bwana Pumu.
Dole gumba likishuka, jicho la mpira linapanda;
likipanda, jicho linashuka.
Dole likafa ganzi. Daktari Nyaboke akasema:
"Usisukume. Mwenye haraka hugonga ukuta,
na ukuta wa pumzi ukigongwa hutoa damu."

Nilipopotea, na nilipotea kila siku,
nilirudi Lamu.
Koo la hewa ni Usita wa Mui:
fuata moja kwa moja hadi njiapanda ya kwanza.
Kulia ni kupana, kunateremka wima.
Kushoto ni kwembamba, kunapinda kuupisha moyo.
Kisha vichochoro, kisha vichochoro vya vichochoro,
mpaka pale ambapo punda na mtu hawapishani,
mmoja lazima arudi kinyumenyume.
Nikawa nahesabu milango ya mtaani mapafuni mwa watu:
hapa kwa kina Bunu, hapa kwa mshona kofia,
hapa usiingie, hapatokei.
Daktari aliniuliza mbona nacheka peke yangu.

Daftari langu lina mistari mia.
Kila mstari mgonjwa mmoja, na sahihi ya mwalimu:
maji ya kifuani, lita moja na nusu, rangi ya chai kavu;
uvimbe uliochotwa punje tatu, kama ufuta;
mzee aliyezibwa njia, tukamwekea kijibomba,
akazinduka akaomba uji.
Mstari wa sitini na moja umejaa.

Likizoni, siku ya tatu, Lali Famau wa fotokopi
alinigongea mlango kabla ya adhana ya alfajiri.
Mwanawe Batuli, miaka kumi na mitatu,
jana alikuwa akijifunga ushungi, pini katikati ya meno,
mdogo wake akamchekesha.
Ni hilo tu. Kicheko.

Eksirei tuliielekeza kwenye taa:
uzi mweupe wa chuma,
kichwa chini, ncha juu,
upande wa kulia, pale pale panapoteremka wima.
Nilikijua kichochoro. Niliujua na mlango.
Ningefika nimefumba macho.

"Si haya ulokwenda kusomea?" akauliza Lali,
wala hakuuliza kwa ubaya.
Nikatazama mikono yangu.
Dole gumba lilikuwa likicheza lenyewe hewani,
linapanda, linashuka,
halina cha kushika.
Fundi asiye na chombo
analijua jina la maumivu yako,
na basi.

Lali aliuza mashine moja kati ya mbili alizo nazo.
Boti hadi Manda, ndege ya saa nne,
Batuli kaambiwa asicheke, asikohoe, asilie.
Mtoto gani huyo awezaye?
Alinishika mkono njia nzima,
mkono ule ule wa kushoto.

Nairobi, Daktari Nyaboke alivaa glavu,
akasimama ubavuni mwangu,
akaiweka mikono nyuma.
"Usisukume." Hakuongeza neno.

Usita wa Mui. Njiapanda. Kulia.
Nikapita kwa kina Bunu, kwa mshona kofia,
na pale kizani ncha ikang'aa, imechomeka ukutani.
Koleo likafumbua mdomo, likafumba.
Nikaichomoa ukutani kwanza, nikaificha ncha ndani ya bomba,
kisha nikarudi kinyumenyume, taratibu,
kama mtu aliyekutana na punda.

Mstari wa sitini na mbili.
Kitu: pini, sentimita tatu.
Matatizo: hakuna.
Daftari halina safu ya mashine ya fotokopi.
Niliiandika pembeni, kwa penseli.

Pini nilimpa mama yake ndani ya kichupa.
Nilidhani hatataka kuiona tena maishani.
Aliiosha kwa sabuni ya hospitali,
akaifuta kwa pindo la leso,
akabania ushungi wake mwenyewe, akashusha pumzi.
"Pini madhubuti kama hizi," akasema,
"siku hizi hazipatikani."