Buluu ya Kufulia

Mjomba Suweid alisema ni kazi ya nahodha Mdachi.
Alisema hivyo miaka arubaini, kila Idi,
akiionyesha kwa ncha ya kijiko cha halua:
meli ya moshi, dohani mbili, bandari ya Matrah.
Amekufa. Wenzangu wamerithi mitende,
mimi nimerithi meli.

Nikaipeleka Ruwi kwa Kunjumon, fundi fremu,
anitafutie huyo nahodha na bei yake.
Akaipindua, akang'oa misumari, akanusa.
"Hili gunia la unga," akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala,
na herufi za kiwanda zimo bado, zimepauka, kichwa chini.
Kisha bendera: yapepea kwenda mashariki.
Na moshi: waenda magharibi.
"Nahodha gani hajui kuwa upepo ni mmoja?"

Akalowesha pamba, akapangusa pembe ya bahari.
Buluu ikatoka upesi, kama iliyokuwa ikingoja kuitwa.
Nikaijua. Ile ya vidonge, ya kufulia kanzu,
ikikaa kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nyuma ya jiko.
Na moshi si rangi. Ni masizi ya sufuria.

Na ngome ile, iliyokatwa nusu na ukuta wa jirani,
Matrah nzima hakuna pa kuiona hivyo
ila darini kwetu, penye kamba za nguo.

Nikampigia Bi Ghaniya, Nizwa.
"Nani? Ah. Tulimwita Yaya."
Jina lake?
Kimya. Nasikia kiyoyozi chake kikikoroma.
"Alikuja nasi kutoka Wete. Tazama karatasi za safari."

Nikatazama. Tumo wote kumi na mmoja,
na baba zetu, na baba za baba zetu,
hata mimi, wa miezi minane.
Chini kabisa: *na mtumishi, mmoja.*

Alinibeba mgongoni akianika.
Huenda niliuona mkono ule ukichora, nikasahau.
Huenda nililia, akaacha:
dohani ya pili mpaka leo haina moshi.

Kunjumon ameshika kibati cha shaba, cha chini ya fremu.
"Niandike nani?"
"Kipigilie kitupu," nikamwambia.
Akachukua nyundo.
"Ngoja. Huna kirefu zaidi ya hicho?"