Kinga ya Mkanda

Kinga ipo.
Ni ule wavu wa chuma, mlango wa banda la kuku
nyuma ya kinu, hapa Simbo.
Gwimo aliifungua msimu mawese yalipojaa,
akasema inapiga kelele, inachelewesha kazi,
na kicheche alikuwa anamalizia vifaranga wake.

Mkanda haukunichukia.
Ulishika kitambaa nilichofutia mafuta,
ukakivuta kama mtoto avutavyo upindo wa kanga ya mama,
nami, kwa mazoea ya kutopoteza kitu,
sikukiachia.

Mawese ni mekundu.
Eveta alidhani nimemwaga ndoo.
"Shika vizuri basi," akasema, bila kugeuka.

Kule Maweni waliniuliza jina, umri, kabila, kazi.
Hakuna aliyeuliza vidole vilikwenda wapi.
Mashudu ya siku ile yaliuzwa Jumamosi,
magunia manne, kwa wafuga nguruwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tuliambiwa.
Mimi nimebakiwa na viwili,
cha pete na kile kidogo,
majirani ambao hawakuwahi kufanya kazi pamoja.
Sasa wanajifunza kifungo cha sare ya mwanangu
kila asubuhi, na kengele ya shule haiwasubiri.

Nikiwapigia wakwe makofi ya salamu, Kiha chetu,
hutoka sauti ya mtu anayekung'uta mto.
Mama mkwe huitikia haraka,
kabla sijamaliza.

Jana nilikwenda kwa Gwimo kununua mayai.
Nilifungua banda mwenyewe, kwa kushoto,
nikafunga, nikafungua tena.
Ule mlango
haupigi kelele hata kidogo.