Tone la Saa Nne na Robo

Zamu yetu ni saa nne na robo, dakika ishirini tu;
baada yetu wapo wa Arua, kisha wa Moroto.
Bureti iko Mbarara. Sisi tuko Lira,
wanafunzi thelathini na wanane, kompyuta moja,
na kidole kimoja, cha Acen, juu ya kitufe.

"Fungua kidogo," nasema.
Anabonyeza. Kimya.
Amri inapanda minara, inavuka Nile pale Karuma,
inapita Kampala, inapita Masaka,
inabisha hodi kwenye vali ndogo ya plastiki,
na vali inaitika: tone.
Tunapoliona limekwisha kuanguka.

Hili halimo kitabuni:
kiwandani nako, anayegeuza gurudumu
haoni anachokigeuza. Anaona namba.
Kazi yake ni kungoja, kati ya mkono na jibu.

Nyuma ya darasa kinu cha alizeti kinasaga.
Harufu yake imo madaftarini, imo kwenye sare,
imo hata kwenye chai. Mafuta hayo hayo
tuliyapakia basi wiki jana, ndani ya chupa ya soda,
kizibo kimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
tujue asidi yake: ni ya sufuria au ya sabuni?
Kule hayanuki. Kwenye kioo yametulia, manjano,
kama mtoto wa kwetu aliyepelekwa shule ya bweni.

"Mwalimu, bado manjano."
Ongeza.
"Bado."
Mtandao ukakwama. Acen akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza,
na matone matatu yakafika pamoja
kama wageni wa basi moja.
Chupa nzima ikawa waridi,
waridi ya kupita kiasi, ya mapambo ya harusi.
Darasa likaguna. Okwir akacheka.
Zimebaki dakika sita.

Ndipo mkono ukaingia kwenye picha.
Mkono wa mtu. Glavu ina kiraka kwenye kidole gumba.
Muhula mzima tulidhani kule kuna mashine peke yake.
Ukaiondoa chupa. Ukarudi na nyingine, inachuruzika maji,
ukapima mafuta yetu, ukadondosha kiashiria,
kisha karatasi mbele ya kamera, wino wa bluu,
herufi zimelala upande:

*Mmepitiliza. Nimeosha. Anzeni tena.
Tumuhimbise, wa usafi.*

Acen akakitazama kidole chake.
Akabonyeza mara moja.
Akaikalia mikono yake yote miwili,
akangoja.