Mizani

Mwalimu Nhonya, aliyetufundisha ushairi darasa la saba,
angeuliza kwanza: lina mizani ngapi?
Nane kwa nane, angesema, la sivyo si shairi.
Mwalimu, mizani ninayo.
Ni ya chuma, ina miguu minne, mmoja unachechemea;
nimeutilia kipande cha kandambili kwa chini.
Muhuri wa vipimo umegongwa ubavuni.

Tuliinunua kwa karanga.
Kila kaya debe moja, kaya sitini na tatu.
Wengine walitoa nusu, wakasema nyingine inakuja
(ya Mhembano haijaja mpaka leo, nimeiandika).
Ilitoka Dodoma mjini kwenye tela la trekta,
imelazwa juu ya godoro
kama mgonjwa anayerudishwa kutoka Mvumi,
na vumbi la Isanghala likaipokea kabla yetu.

Mimi ni karani wa ghala la ushirika. Shahada sina.
Nina daftari, kalamu mbili, ufunguo shingoni,
na macho yaliyoiona lumbesa tangu nabebwa mgongoni:
gunia linajaa, linashindiliwa kwa goti,
kisha linavikwa kilemba cha wavu na kamba,
linapanda, linapanda tena,
na dalali anasema, hilo gunia moja, mama.
Moja.
Kama unavyoweza kusema mlima ni jiwe moja.

Siku ya kwanza lori la Kibaigwa lilikuja.
Dalali akaitazama mizani, akacheka, akawasha injini.
Wiki tatu hakuna lori.
Panya wa ghalani wakanizoea.
Watu wakaanza: ada ya shule, karani.
Dawa ya mbuzi, karani.
Tutakula chuma?
Sikuwa na jibu. Nilifagia.

Usiku wa Jumanne lori likapita bila taa.
Asubuhi nikaokota uzi wa kilemba njiani
mbele ya tembe la Ndahani,
kaka yangu, tumbo moja.
Sikumuuliza. Naye hakunitazama.
Jioni alimletea mama mlenda, akaondoka bila kukaa.

Wiki ya nne akaja mnunuzi mwingine, kijana wa kiwanda,
viatu vyeupe, maskini, katika udongo huu wetu mwekundu.
Akasema mbukwa kwa lafudhi ya kwao.
Akasema, mimi nanunua kwa kilo,
kawaida tu, kama mtu anayeomba maji.
Bei ilikuwa ile ile ya mwaka jana. Sitawadanganya.

Bibi Perisi Chilongani alileta gunia la mtama
lililoshonwa kilemba tangu Juni, kwa mazoea.
Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama:
mia moja ishirini na moja.
"Hizi ishirini na moja za nani?"
Zako, bibi.
"Na za mwaka jana?"
Nikainama, nikachonga kalamu ambayo haikuwa butu.

Akavua viatu, akakunja khanga,
akapanda yeye mwenyewe pale juu
akiwa wima kama anapigwa picha.
Nisomee, akasema.
Arobaini na mbili.

Hakusoma shule, lakini vidole anavyo.
Alihesabu midomo ikicheza, tukamsubiri.
"Kumbe kila magunia mawili
nilikuwa najipakia mwenyewe kwenye lori,
mzima, na khanga yangu,
naenda Kibaigwa kuuzwa,
na pesa yangu haikurudi hata siku moja."

Watu wakacheka, naye akacheka.
Kisha akaacha, na sisi tukaacha mmoja mmoja,
mpaka ukabaki mlango wa bati unagongagonga kwa upepo.

Akashuka.
Mshale ukarudi kwenye sifuri, ukatetemeka kidogo.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Ndahani,
na gunia moja, mdomo wake umeshonwa sawasawa,
bila kilemba.
Tulitazamana.
Nikafungua ukurasa mpya.
Weka, nikamwambia.