Kidahizo

Mwalimu Ndelilio ameniletea kamusi yake,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli, mgongo umeng'oka,
herufi B imelowa chai.
"Ishone vizuri, Aminieli. Si daftari la madeni hilo."

Gundi inachemka jikoni. Nje, Mbuyuni,
wanagombania bei ya ndizi.
Mimi nasoma kinachosubiri kukauka:

bahari, asili Kar.,
herufi tatu na nukta, ndiyo pasipoti nzima.
Moja: eneo kubwa la maji ya chumvi.
Mbili: mtindo wa shairi, kwa vina na mizani.
Tatu
na hapo karatasi imechanika.

Ya kwanza sijawahi kuiona.
Chumvi naijua ya pakiti.
Ya pili nilichapwa kwayo, kidato cha pili:
Bahari ina mawimbi, nayo haina mwisho.
Hesabu. Kumi na tano.
Ningesema "mpaka" ningevuka;
nilizama kwa silabi moja.

Kijana wa bodaboda anachungulia mlangoni,
"Vipi, baharia!"
Baharia mimi, mwenye gundi kwenye kucha,
mita mia nane na ushei kutoka usawa wake.
Ajabu, hata Kibo
urefu wake huanzia kule nisikokujua.

Saa kumi mwalimu anarudi. Namuuliza ya tatu.
Haikumbuki. Mzizi anaukumbuka,
anauandika kwa kidole kwenye vumbi la meza,
kulia kwenda kushoto:
"Wapo wajuzi waliosema ni kupasua.
Ardhi ilipasuka, maji yakapata pa kulala.
Hata ngamia aliyechanwa sikio
aliitwa kwa mzizi huohuo."

Kupasua.

Babu Kirita, Kibosho, jembe begani,
zamu ya mfereji usiku,
akiupasua mlima kwa upana wa unyayo
hadi maji yakafika kwenye migomba ya mjane Manka
aliyekosa wa kumchimbia.
Hakujua kusoma. Pwani aliisikia redioni
na hakuiamini sana.

Nimebandika kipande cheupe palipochanika,
nimekipiga pasi, nimenyoosha kingo.
Mwalimu anapitisha kidole.
"Hapa hujaandika kitu."
"Mimi nashona tu, mwalimu."

Analipa elfu tatu, anaidai mia tano yake,
anaondoka na kamusi kwapani.
Mpira wa baiskeli
ameuacha mezani, juu ya vumbi,
umelala palepale alipoandika.