Irabu Moja

Korti namba tano, Milimani, Jumatatu.
Mimi ni mkalimani. Sheria huingia sikioni kwa Kiingereza,
hutoka kinywani kwa Kiswahili,
na hapo katikati changu ni mate ya kumeza.

Kizimbani, Kefa Lisutsa, miaka arobaini na mmoja,
koti la kuazima, mikono ya koti imeishia njiani.
"Kwamba Jumapili ya tarehe tatu, katika bwawa la bustani,
jijini Nairobi, uliendesha chombo cha majini
ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu."

Nilijikwaa kwenye *chombo*.
Kwangu Umoja, chombo ni sufuria, ni sahani ya jana,
ni ile ndoo ya kungojea maji ya Alhamisi.
Nikalisukuma neno hivyo hivyo, likaelea.

"Umeelewa shtaka?"
"Nimeelewa."
Au alisema *nimelewa*?
Kati ya mawili haya ni irabu moja,
nusu pumzi, na yeye mdomo ulikuwa umekauka.
Mwendesha mashtaka alicheka. Wa benchi la nyuma wakacheka.
Hakimu kalamu aliishikilia hewani:
"Mkalimani, amesema nini?"

Nikasema ameelewa.
Sijui kama nilitafsiri au nilimtetea.

"Ni kweli au si kweli?"
"Si kweli."

Miezi saba, basi. Tukaahirisha, tukarudi, tukaahirisha.
Konstebo alieleza harufu. Muuza kegi wa Ngara alieleza vikombe,
vinne kabla ya saa sita, "na kimoja cha kunishukuru."
Abiria kumi na mmoja, jaketi za kuokolea saba.
Wakili akasimama akiwa amejaa upepo:
Mheshimiwa, hili ni bwawa, si bahari.
Mashua yenyewe ina kichwa cha bata.
Maji yale, hata yangekasirika, ni ya kiuno.

"Kiuno cha nani, wakili?"

Hakujibiwa.
Nzilani alikuwa na miaka minne.

Mama yake, Kavata, alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
bata alipinduka akikata kona, huyu akiimba.
Mtoto walimtoa chini ya ubavu wa mashua, wakamkamua, akalia.
Mzima, ndiyo. Ila tangu siku hiyo
hataki beseni. Akiliona tu beseni anashika mlango.
Namwogesha kwa kitambaa, kama maiti, alisema,
na mimi nililazimika kulisema hilo tena,
kwa lugha nyingine, polepole, ili liandikwe.

Kefa aliangalia viatu vyake.
Alipopewa nafasi ya kujitetea hakusema ana watoto.
Wote husema wana watoto.
Alisema: "Nilikuwa namjua bwawa."
Bwawa, kama mtu. Nikaliacha lilivyo.

Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko kikombe kimoja.
Faini elfu themanini, au kifungo miezi minane.
Leseni ya kuendesha mashua ifutwe miaka mitatu.
Matibabu ya mtoto, mpaka daktari aseme basi, ni juu yake.
"Umeelewa?"

Safari hii alilitamka neno lote,
akaivuta ile *e* ya pili kama kamba ya kuifungia mashua gatini:
"Nime-elewa."

Halafu, askari akiwa ameshamshika kiwiko,
akanigeukia mimi, si hakimu:
mvua zikija, mama, nani atayachota maji ndani yake?
Ikijaa inazama. Kopo liko chini ya kiti cha nyuma.

Hilo sikuliombwa kulitafsiri.
Halimo kwenye jalada.

Jioni nyumbani mume wangu alikuwa ameshafungua chupa,
glasi mbili mezani, yangu ina povu bado.
Nikasema ngoja kwanza nioshe vyombo.
Niliviosha vyote, hata visafi,
nikalimwaga beseni,
nikalisimamisha ukutani, uso wake ndani.