Jina Kabla ya Mtoto

Siku ya tatu ya ndoa walinivika blanketi la sufu,
wakaniita 'Mapalesa.
Mama wa Palesa.
Palesa hayupo. Palesa ni jina tu,
linazunguka uani kama kuku asiye na mwenyewe,
linanidai.

Huu mwaka wa pili.
Hapa Mokhotlong theluji imekalia paa,
na Tšeliso anakuja likizo Ijumaa
kutoka mgodini, ng'ambo ya mpaka,
na begi lake, na kikohozi chake, na vidonge vyake
anavyovimeza mbele yangu bila kugeuka.
"Nimo navyo," alisema, kabla hata ya posa.
"Ukitaka kurudi, njia ndiyo ile."
Sikurudi.

Vyangu nilivizika ndani ya debe la unga.
Kimoja kila siku, saa mbili usiku,
redio ikianza habari.
Nesi Limakatso alichora vichwa vitatu nyuma ya kadi:
yeye, wewe, na huyu atakayekuja.
"Utakunywa kabla hajaingia.
Utakunywa akiwa ndani. Utakunywa ukimnyonyesha.
Na kupima utakuja, hata mto ukijaa."
Kichwa cha tatu alikichora kidogo mno,
nilidhani wino umedondoka.

Wiki ya kwanza nilitapika.
Mama mkwe akasikia kupitia ukutani,
asubuhi akaanza kufuma soksi.
Nilikosa mdomo wa kumwambia
kwamba ni dawa, siyo Palesa.

Jana alichota unga, kikombe kikagonga kichupa.
Akakitoa. Akakipangusa kwa ncha ya kanga ya kiunoni,
akakitikisa mara moja, karibu na sikio.
Nikasema: siumwi, mama. Nakunywa nisiumwe.
Yalitoka yamepinda, kama ya mwizi.

Hakunijibu.
Ana binti wawili nyuma ya zizi la kondoo,
wa ile miaka ambayo kliniki
haikuwa na cha kukupa ila panadoli na pole.
Akakirudisha. Siyo debeni.
Alikiweka rafuni, kati ya chumvi na kiberiti,
pale ambapo kila mgeni hutupa jicho.

Usiku nilikuwa bado zizini, vidole vimekufa ganzi,
nikasikia redio, halafu sauti yake ikaipita:
"'Mapalesa! Saa mbili!"

Maji alikuwa ameyapasha moto.
Ya ndooni yalikuwa yameganda.